Maji Yapasuliwe kwa Faida ya Nani?



Katika miaka ya karibuni neno jipya limeingia katika hotuba za viongozi wetu: "haidrojeni ya kijani". Mwezi Septemba 2023, wakati wa Mkutano wa Tabianchi wa Afrika uliofanyika Nairobi, serikali ya Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni, na Umoja wa Ulaya ukaahidi msaada wa takriban euro milioni 12. Tangu hapo tumesikia kwamba mvuke wa Olkaria, upepo na jua vitageuzwa mafuta yasiyo na moshi, na kwamba nchi itatajirika kwa kuyauza ng'ambo.

Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo wametuomba tulieleze jambo hili. Tunalieleza, na pia tunatoa msimamo wetu. Msimamo wetu ni huu: usafi wa nishati haupimwi kwa moshi peke yake, bali pia kwa haki. Mafuta yatakayotengenezwa juu ya ardhi iliyochukuliwa bila ridhaa, kwa umeme uliopita juu ya vichwa vya watu walio gizani, na kwa maji yaliyosafishwa kwa ajili ya mtambo huku mtoto akinywa yasiyofaa, ni mafuta machafu, hata kama bomba lake halitoi chochote ila mvuke.

1. JAMBO LENYEWE NI NINI

Maji ni muungano wa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni. Umeme ukipitishwa ndani ya maji, gesi hizo hutengana: haidrojeni hujikusanya upande mmoja na oksijeni upande mwingine. Wataalamu huiita kazi hiyo elektrolisisi. Si uvumbuzi wa jana. Waingereza wawili, William Nicholson na Anthony Carlisle, waliifanya mwaka 1800. Haidrojeni ikichomwa hurudi kuwa maji, wala haitoi hewa ya kaboni. Ikiunganishwa na nitrojeni iliyomo hewani, kwa joto kali na shinikizo kubwa, hutokea amonia, ambayo ndiyo mama wa mbolea za chumvichumvi kama vile CAN, ile ambayo wakulima wetu hukuzia mahindi.

Dunia hutumia zaidi ya tani milioni 90 za haidrojeni kila mwaka, na karibu yote hutolewa katika gesi asilia na makaa ya mawe, kwa moshi mwingi. Anayetaka kuitengeneza kwa maji na kwa umeme usio na moshi anataka jambo jema, nasi hatumlaani. Akili iliyogundua siri hiyo ni kipaji cha Mungu. Ugomvi wetu si na mtambo. Ugomvi wetu ni na wale wanaotuambia tuutazame mtambo tu, tusiulize umesimama juu ya ardhi ya nani, unakula umeme wa nani, na mazao yake yanakwenda kwa nani.

2. HESABU ISIYOSEMWA MAJUKWAANI

Kilo moja tu ya haidrojeni huhitaji yuniti 50 hadi 55 za umeme. Familia inayotumia yuniti moja kwa siku ingekaa na umeme huo karibu miezi miwili. Tena nishati inayobaki ndani ya kilo hiyo ni kama yuniti 33; nyingine imepotea njiani kuwa joto. Ikigeuzwa amonia ili ipakiwe melini, kisha irudishwe kuwa haidrojeni huko iendako, hupotea zaidi.

Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulijiwekea lengo la kuagiza kutoka nje tani milioni 10 za haidrojeni kwa mwaka ifikapo 2030. Mwaka 2023 Ujerumani ilitangaza kwamba asilimia 50 hadi 70 ya haidrojeni itakayohitaji mwaka huo wa 2030 itatoka nchi nyingine. Sasa tupige hesabu. Umeme wote unaoingia katika gridi ya Kenya kwa mwaka ni takriban yuniti bilioni 14. Tukizima kila taa, kila kiwanda na kila hospitali, tukautumia umeme wote kupasua maji, tungepata kama tani 250,000, yaani chini ya asilimia 3 ya lengo hilo la Ulaya. Mwaka 2024 wakaguzi wa hesabu wa Umoja wa Ulaya wenyewe walisema malengo hayo yalikuwa makubwa kupita kiasi. Wahenga walisema: mkamia maji hayanywi. Iwapo mwenye kiu amekamia hivyo, je, sisi wenye kisima kidogo tukimbilie kumchotea kabla hatujawanywesha watoto wetu?

Maana hapa nyumbani, takriban mtu mmoja kati ya wanne bado hana umeme. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya kaya zilikuwa zikipika kwa kuni. Tangu Novemba 2022 tunanunua umeme kutoka Ethiopia. Mwaka 2025 Rais William Ruto alisema hadharani kwamba baadhi ya maeneo hulazimika kukatiwa umeme saa za jioni kwa sababu hautoshi.

Haki inatutaka tuseme pia upande wa pili. Usiku wa manane, watumiaji wanapopungua, sehemu ya mvuke wa Olkaria huachwa upotee hewani bila kuzalisha umeme. Kuutumia mvuke huo kupasua maji ni busara, wala hakumnyimi mtu taa. Lakini mitambo hii ni ghali, na mwenye mtambo ghali hupenda ufanye kazi usiku na mchana ili fedha zake zirudi. Jambo linaloanza kwa kuomba mabaki ya usiku linaweza kuishia kwa kudai chakula cha jioni. Kwa hiyo ahadi ya mdomo haitoshi. Inapasa iandikwe katika mkataba kwamba umeme ukipungua, mtambo ndio utakaozimwa kwanza, na zahanati ya kijiji mwisho.

Afrika imekwisha kuliona jambo hili. Huko Aswan, Misri, kiwanda cha mbolea kilianza mwaka 1960 kwa haidrojeni iliyopatikana kwa umeme wa mto Nili. Karibu na mji wa Kwekwe, Zimbabwe, kiwanda kingine kilipasua maji kwa umeme tangu miaka ya 1970 kwa ajili ya mbolea ya wakulima. Mwaka 2015, wakati nchi ile ilipokuwa na upungufu mkubwa wa umeme, kazi hiyo ya kupasua maji ilisimamishwa, na kiwanda kikabaki kutegemea amonia ya kuagiza kutoka nje. Basi ujuzi huu si mgeni barani kwetu, wala si muujiza. Palipo na umeme wa kutosha huzaa mbolea. Umeme usipotosha, mmoja hana budi kukosa, ama kiwanda ama mwananchi. Ni wajibu wetu kuamua mapema ni nani.

3. OLKARIA IMETUFUNDISHA NINI

Mvuke wa Olkaria ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981. Leo nguvu ya mvuke wa ardhini nchini imepita megawati 900, na sehemu kubwa ya umeme wa taifa hutoka hapo. Ni fahari ya nchi. Lakini ardhi ile ilikuwa malisho ya Wamaasai kabla ya bomba la kwanza kutandazwa.

Mwaka 2014, wakati mtambo wa Olkaria IV ulipokuwa ukikamilishwa, vijiji vinne vya Wamaasai vilihamishwa. Walijengewa nyumba za mawe, shule na zahanati, na hatuna sababu ya kuficha hayo. Hata hivyo wananchi walipeleka malalamiko yao kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia na kwenye ofisi ya malalamiko ya Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, kwa kuwa benki hizo zilitoa fedha za mradi. Jopo liliona kasoro: wakati wa kuhama, hati ya ardhi mpya ilikuwa bado haijakabidhiwa kwa wenyewe; lugha ya Kimaa haikutumiwa ipasavyo katika mashauriano; na njia za watu kujipatia riziki hazikuangaliwa vya kutosha. Baadaye ulifanyika usuluhishi, na makubaliano yakaandikwa.

Tunajifunza nini? Kwanza, kwamba nyumba nzuri si badala ya hati. Pili, kwamba mtu aliyeulizwa kwa lugha asiyoielewa hajaulizwa. Tatu, kwamba sauti ya wanyonge ilisikika kwa sababu waliandika, wakatia sahihi, wakafuatilia.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, tunasoma habari za mfalme Ahabu na Nabothi. Ahabu hakuanza kwa upanga. Alianza kwa kutoa bei, na hata kuahidi shamba bora kuliko lile. Nabothi alikataa kwa sababu ile ilikuwa urithi wa baba zake. Dhambi ilianza pale ambapo jibu la "hapana" halikuhesabiwa kuwa jibu. Mitambo ya haidrojeni itahitaji visima vipya vya mvuke, mabomba mapya, nyaya mpya na barabara mpya, na vyote hivyo huhitaji ardhi. Je, safari hii "hapana" itahesabiwa kuwa jibu?

4. MAJI YA MTAMBO NA MAJI YA MTOTO

Kilo moja ya haidrojeni hunywa lita 9 za maji, na katika utendaji halisi hunywa zaidi, kwa kuwa mengine hupotea katika kusafisha na kupoza. Hatutaki kumtia mtu hofu ya bure. Kiasi hicho si kikubwa kikilinganishwa na maji yanayotumiwa na mashamba ya maua yanayolizunguka Ziwa Naivasha. Lakini ziwa hilo halina tabia moja. Ukame wa mwaka 2009 uliliteremsha sana. Mwaka 2025 lilifurika na kuwafukuza watu majumbani mwao katika mtaa wa Kihoto. Hakuna anayepaswa kupewa maji yake kana kwamba yatakuwapo daima kwa kiasi kile kile.

Lililo zito zaidi ni usafi. Mtambo wa elektrolisisi haukubali maji ya kawaida. Hutaka maji yaliyoondolewa chumvi zote, maji safi kuliko yale tunayokunywa mezani. Na katika Bonde la Ufa, visima vingi vina floridi nyingi kupita kiasi. Tunaiona katika meno ya watoto wetu yaliyogeuka rangi ya kahawia, na ikizidi sana hudhuru hata mifupa. Kwa miaka mingi tumeambiwa kwamba kuiondoa floridi ni ghali. Sasa tunaambiwa kwamba maji yatasafishwa mpaka lisibaki tone la chumvi, kwa sababu mashine haivumilii. Ndugu zetu, mashine haivumilii, lakini mtoto avumilie?

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji salama ya kunywa ni haki ya msingi ya kila binadamu, kwa kuwa uhai wenyewe hutegemea maji. Haki haisubiri faida. Nasi tunakumbuka habari za Isaka katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26. Watumishi wake walichimba kisima, wachungaji wa Gerari wakasema maji ni yao. Wakachimba cha pili, ugomvi ukatokea tena. Kisima cha tatu hakikugombewa, na Isaka akakipa jina la nafasi, kwa sababu Bwana alikuwa amewafanyia nafasi wote. Kisima cha haki ni kile chenye nafasi ya wote.

5. MBOLEA KWANZA, MELI BAADAYE

Kuna njia ambayo haidrojeni inaweza kuwa baraka kwa mtu maskini wa Kenya, nayo ni mbolea. Nchi yetu huagiza mbolea kutoka nje. Vita vya Ukraine vilipozuka mwaka 2022, mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ulipita shilingi 6,000. Wakulima wengi walipanda bila mbolea, na mavuno yakaonyesha. Serikali ilishusha bei kwa ruzuku hadi shilingi 3,500, na mwaka 2023 hadi 2,500. Kisha mwaka 2024 ikagundulika kwamba baadhi ya mifuko ya mbolea ya ruzuku ilikuwa na bidhaa isiyofaa. Mkulima alipigwa mara mbili, kwanza na soko la dunia, kisha na walaghai.

Mbolea iliyotengenezwa hapa, kwa mvuke wa hapa, ingepunguza utumwa huo. Mwaka 2023 mtambo mdogo wa aina hiyo, unaotumia umeme wa jua, ulisimikwa katika shamba moja karibu na Naivasha. Jambo linawezekana bila kungojea miradi ya mabilioni. Mkakati wa serikali wenyewe uliitaja mbolea kuwa hatua ya kwanza, na uliweka lengo la kupunguza kwa asilimia 20 mbolea ya nitrojeni inayoagizwa ifikapo mwaka 2027. Kwa hilo tunaupongeza. Hofu yetu ni kwamba utaratibu ulioandikwa vizuri hupinduliwa na mnunuzi mwenye fedha nyingi. Tumeona chai bora ikipakiwa kwenda nje, na mchumaji akinywa vumbi lake. Isiwe hivyo kwa mvuke.

6. MAJIBU KWA WANAOTUPINGA

Wapo wasemao: "Nchi ina madeni, inahitaji fedha za kigeni." Ni kweli. Lakini kila mfuko wa mbolea usioagizwa nje huokoa fedha za kigeni vilevile, na tena humlisha mtu.

Wapo wasemao: "Mnazuia maendeleo." Baba Mtakatifu Paulo wa Sita, katika waraka Populorum Progressio wa mwaka 1967, alifundisha kwamba maendeleo ya kweli ni ya kila mtu na ya mtu mzima. Maendeleo yanayomwacha nje yule aliyetoa ardhi yamekosa sifa ya kwanza. Sisi hatuzuii. Tunauliza bei inalipwa na nani.

Wapo wasemao: "Ulaya inachafua hewa kidogo ikinunua kwetu, na hewa ni ya wote." Hilo nalo ni kweli. Lakini aliyechafua hewa kwa zaidi ya karne moja ndiye mwenye deni. Hawezi kulilipa kwa maji na ardhi ya mtu ambaye hajawahi kuwasha hata taa moja. Anayetaka kununua anunue kilichozidi, kwa bei ya haki, na awe wa kwanza kugharimia nyaya za umeme na mabomba ya maji ya vijiji vinavyompa bidhaa hiyo.

Na wapo wasemao kwamba Kanisa libaki altareni. Mkate na divai tunavyovitoa altareni ni matunda ya ardhi na ya kazi ya mikono ya watu. Hatuwezi kuyainua matunda hayo na kunyamaza juu ya ardhi na mikono hiyo.

7. TUNADAI NINI

Kwanza, mtambo wowote wa haidrojeni unaotegemea umeme wa gridi utumie ziada ya usiku, na mkataba useme kwamba ndio utakaozimwa kwanza umeme ukipungua.

Pili, mwenye mradi atangaze ni lita ngapi za maji atachota, kutoka wapi, na atafanya nini miaka ya ukame. Asimike pia kisafishio cha maji ya kunywa kwa vijiji jirani kabla ya kusafisha tone la kwanza la mtambo.

Tatu, asihamishwe mtu yeyote kabla hati ya ardhi mpya haijawa mkononi mwake, na mashauriano yote yafanywe kwa lugha ya wenyeji.

Nne, zao la kwanza liwe mbolea ya wakulima wa nchi hii, kwa bei inayojulikana na kwa ubora uliothibitishwa.

Tano, mikataba iwekwe wazi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 71, inataka mikataba ya serikali ya kutoa haki ya kutumia maliasili ipitishwe na Bunge. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 nayo inagawa mrabaha wa mvuke wa ardhini hivi: asilimia 75 kwa serikali kuu, asilimia 20 kwa kaunti, na asilimia 5 kwa jamii ya mahali. Tunataka hesabu ya hiyo asilimia 5 isomwe hadharani, mwaka kwa mwaka.

8. KAZI YA PAROKIA

Kila Jumuiya isome kijitabu hiki na kukijadili, na wazee wasiosoma wasomewe kwa lugha yao. Kila halmashauri ya parokia iteue watu watatu, mwanamke mmoja wao asikose, wa kufuatilia matangazo ya miradi na taarifa za athari kwa mazingira zinazowasilishwa NEMA, ili maoni yetu yafike kabla muda haujapita. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Tuandike barua, tutunze nakala, tudai jibu. Vikao vya kuwashirikisha wananchi vikiitishwa, twende kwa wingi, tukiwa tumekwisha kusoma. Asiyehudhuria huandikiwa kuwa amekubali.

Wala tusiuze ridhaa yetu kwa nauli na soda. Katekista, mwenyekiti wa Jumuiya au mzee wa kijiji anayepokea bahasha ili anyamaze, hauzi kura yake peke yake. Anauza kisima cha wajukuu wa jirani yake.

Mungu aliyeyatenga maji na nchi kavu hakumwandikia yeyote hati ya kuyamiliki peke yake. Anayeyapasua leo kwa umeme na ayapasue, ila kwanza wote wanywe.

Amani ya Kristo iwe nanyi.

Tume ya Haki na Amani